Kutabiri Kuganda kwa Damu: Hesabu ya Wengi, Maisha ya Mmoja

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, hutunza vyeti vyake katika kasha la bati chini ya kitanda. Miongoni mwa vyeti hivyo imo karatasi moja ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Ni majibu ya kipimo cha kawaida cha damu alichofanyiwa alipokwenda kutibiwa homa. Mashine iliandika kwamba chembe nyekundu zilichukua asilimia 57 ya ujazo wa damu yake, ikatia kinyota kando ya nambari hiyo. Aliyempa karatasi alimwambia kwa furaha: "Mzee, damu unayo tele. Hongera." Miezi 14 baadaye mjomba alishikwa na kiharusi. Mkono wa kuume ulioandika ubaoni kwa miaka 33 ukalegea, na sauti iliyowafundisha watoto kusoma ikapotea.

Baadaye daktari bingwa aliyeisoma karatasi ile aliagiza kipimo cha jeni, ikabainika kwamba mzee alikuwa na saratani ya damu ya aina ile iendayo polepole, ambayo hatari yake kubwa ni damu kuganda ndani ya mishipa. Sisimulii haya ili kumlaumu mtu. Katika nchi ambamo watoto na akina mama wengi hupungukiwa damu, mwenye damu ya kuzidi huonekana amebarikiwa. Nasimulia kwa sababu karatasi ile yanifundisha jambo ninalotaka kulitetea katika makala haya. Habari nyingi zinazohitajika ili kutabiri nani yuko hatarini tunazo tayari mikononi. Tunachopungukiwa ni watu waliozoea kuisoma nambari na kuelewa uwezekano uliomo ndani yake. Upungufu huo hauanzii hospitalini, huanzia darasani.

Inafaa nieleze mapema kwamba mimi si mganga wa wagonjwa. Ni mwalimu wa takwimu za sayansi ya viumbe, na hesabu za namna hii ndizo nilizosomea ng'ambo kwa shahada yangu ya uzamivu. Kwa hiyo msomaji asitafute humu ushauri wa dawa. Hayo amwulize daktari wake.

Uboho usiosikia amri

Damu hutengenezwa katika uboho, yaani ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa. Humo hutoka chembe za namna tatu: chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, na vijipande vidogo vinavyosaidia kuziba majeraha, ambavyo hapa nitaviita chembe sahani. Kwa mtu mwenye afya kazi hii hufanywa kwa amri. Figo zikihisi kwamba oksijeni imepungua, hutoa kemikali iitwayo erithropoietini. Kemikali hiyo husafiri katika damu mpaka kwenye uboho, nao uboho huongeza chembe nyekundu. Oksijeni ikitosha, amri hupungua, na kazi hupungua nayo.

Katika saratani ninazozizungumzia, chembe mama moja ya uboho huacha kusikia amri. Uzao wake huongezeka bila kuagizwa, na taratibu hujaza nafasi ya wengine. Mfaransa Louis Henri Vaquez alimweleza mgonjwa wa namna hii mwaka 1892, na William Osler akaufafanua zaidi ugonjwa huo mwaka 1903. Mwaka 1951 daktari wa Marekani William Dameshek alitoa hoja kwamba magonjwa kadhaa ya uboho yaliyodhaniwa kuwa mbalimbali ni ya ukoo mmoja. Katika ukoo huo ndugu watatu ndio wanaotuhusu hapa: ugonjwa wa kuzidi chembe nyekundu, uitwao polisithemia vera, ugonjwa wa kuzidi chembe sahani, uitwao thrombosithemia, na ugonjwa wa uboho kugeuka nyuzinyuzi, uitwao mailofaibrosisi. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani limeyapanga kwa jina linaloonyesha wazi kwamba ni aina za saratani.

Kiini cha uasi huo kilijulikana mwaka 2005, pale vikundi kadhaa vya watafiti, vikiwemo vya Cambridge, Paris, Basel na Boston, vilipogundua badiliko katika jeni iitwayo JAK2. Herufi moja tu ya kemikali, yaani G, imegeuka kuwa T. Kwa sababu hiyo asidi amino ya 617 katika protini inayotokana na jeni hiyo, ambayo ilipasa kuwa valini, imekuwa fenilalanini. Protini hiyo ni kama swichi inayopokea amri ya kuzaliana. Badiliko hili huikwamisha, ikabaki imewashwa mchana na usiku. Takriban wagonjwa 95 kati ya 100 wenye polisithemia vera wanalo, na kwa wale wa thrombosithemia ni nusu au zaidi kidogo. Mwaka 2013 badiliko la jeni nyingine, CALR, lilionekana kwa wengi wa waliosalia. Kwa kawaida mabadiliko haya hayarithiwi. Hutokea katika uboho wa mtu mwenyewe wakati wa maisha yake.

Saratani hizi haziendi mbio. Mgonjwa aweza kuishi miaka 10, 20 au zaidi, akilima, akifundisha, akilea wajukuu. Dalili zake ni za kawaida mno: kichwa kuuma, ngozi kuwasha baada ya kuoga maji ya moto, vidole vya miguu kuwaka moto. Wengine hawana dalili yoyote. Kinachowalemaza au kuwaua wengi ni bonge la damu. Likiziba mshipa wa ubongo huleta kiharusi. Likiziba mshipa wa moyo, moyo hushtuka na huweza kusimama. Likijijenga katika vena ya mguu laweza kukatika na kusafiri hadi mapafuni. Mara nyingine huziba mishipa ya ini, tumbo likavimba, na watu wakatafuta sababu penginepo.

Mambo matatu, na kosa la akili ya kawaida

Mwaka 1856 Mjerumani Rudolf Virchow, bingwa yule yule aliyeipa leukemia jina lake, alichapisha maelezo mashuhuri juu ya kuganda kwa damu. Kutokana na kazi yake madaktari mpaka leo hutaja mambo matatu: mwendo wa damu, ukuta wa mshipa, na hali ya damu yenyewe. Kwa wagonjwa wetu yote matatu huweza kuharibika.

Tuanze na mwendo. Kila aliyewahi kukoroga uji ajua kwamba unga ukiongezwa kidogo kidogo, mwanzoni mwiko hauhisi tofauti kubwa. Kisha hufika mahali ambapo konzi moja zaidi hukaza sufuria nzima. Mnato wa damu hufuata tabia kama hiyo. Kadiri sehemu ya chembe nyekundu, iitwayo hematokriti, inavyopanda, ndivyo mnato unavyopanda, na upandaji wake haufuati mstari ulionyooka. Ama ukuta wa mshipa na damu yenyewe, chembe nyeupe na chembe sahani zenye jeni iliyobadilika huwa na hamaki. Hung'ang'ania ukuta, na chembe nyeupe huweza kutema nyuzi zinazowanasa wapitao, kama wavu unavyonasa dagaa.

Hapa ndipo akili ya kawaida inapojikwaa. Kwa kuwa chembe sahani ndizo zinazoanzisha kuganda, mtu angesema mara moja kwamba mwenye chembe sahani nyingi zaidi ndiye aliye hatarini zaidi. Madaktari wengi walifikiri hivyo. Takwimu hazikukubali. Kwa wagonjwa wa thrombosithemia wingi wa chembe sahani peke yake haukuonekana kuwa mtabiri mwema wa mabonge. Zaidi ya hayo, zinapozidi mno, tuseme kupita 1,000,000 katika mikrolita moja ya damu ilhali kawaida ni 150,000 hadi 450,000, mgonjwa huweza kutokwa na damu ovyo, kwa sababu chembe hizo nyingi hufyonza protini mojawapo inayohitajika katika kuzuia damu isitoke. Funzo hilo ni kubwa kuliko ugonjwa wenyewe: jambo linaloonekana dhahiri bado lapaswa kuhesabiwa.

Jinsi hesabu ilivyofanywa

Njia ya kuhesabu ni moja. Huandikwa hali za wagonjwa wengi siku ya kwanza, wakafuatwa kwa miaka, kisha ikaangaliwa nani alipatwa na nani hakupatwa. Njia hii ilipata sifa kutokana na uchunguzi wa moyo ulioanza mwaka 1948 katika mji wa Framingham, Marekani, kwa watu 5,209, uliosaidia kuuonyesha ulimwengu ubaya wa shinikizo la damu na wa sigara.

Mwaka 2012 Tiziano Barbui wa Bergamo, Italia, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya namna hiyo juu ya wagonjwa 891 wa thrombosithemia. Walitoa kanuni ya alama ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuijumlisha. Umri uliopita miaka 60 hupewa alama 1. Kuwahi kupata bonge la damu, alama 2. Kuwa na mojawapo ya hatari za kawaida za moyo na mishipa, kama shinikizo la damu, kisukari au uvutaji wa sigara, alama 1. Kuwa na badiliko la JAK2, alama 2. Mwenye jumla ya 0 au 1 yumo katika kundi la hatari ndogo, mwenye 2 kundi la kati, na mwenye 3 au zaidi kundi la hatari kubwa. Kati ya kila wagonjwa 100 waliofuatwa kwa mwaka mmoja, waliopata bonge walikuwa takriban 1.03 katika kundi la kwanza, 2.35 katika la pili, na 3.56 katika la tatu. Mwaka 2015 kanuni hiyo ilirekebishwa kwa kutumia wagonjwa 1,019, ikawa na makundi manne yanayotegemea umri, historia na jeni. Kwa polisithemia vera kanuni inayotumika sana ni nyepesi zaidi: aliyepita miaka 60, au aliyewahi kupata bonge, yuko katika hatari kubwa.

Msomaji atazame orodha ile tena. Kati ya mambo manne, ni moja tu linalohitaji maabara ya jeni. Umri huulizwa kwa mdomo, na historia vilevile. Shinikizo la damu hupimwa katika zahanati, na sukari hupimwa kwa tone moja la damu. Kwa hiyo anayesema kwamba hatuwezi lolote mpaka tupate mashine kubwa asema nusu ya ukweli. Mashine ya jeni yahitajika ili kuujua ugonjwa kwa hakika, nami naunga mkono iletwe. Lakini kazi kubwa ya kutabiri hufanywa na maswali, kalamu, na kipimo cha damu ambacho hospitali nyingi tayari zinacho.

Utabiri usiofuatwa na tendo hautofautiani na uaguzi. Hapa tendo lipo. Mwaka 1995 watafiti wa Italia walitangaza matokeo ya jaribio lililohusu wagonjwa 114 wa thrombosithemia waliokuwa katika hatari kubwa. Kati ya 56 waliopewa haidroksiurea, wawili walipata bonge. Kati ya 58 ambao hawakupewa, walipata 14. Mwaka 2004 jaribio la Ulaya kwa wagonjwa 518 wa polisithemia vera lilionyesha faida ya aspirini ya miligramu 100 kwa siku. Mwaka 2013 jaribio jingine la Italia liligawa wagonjwa 365 wa polisithemia vera katika mafungu mawili. Fungu moja hematokriti ilishikwa chini ya asilimia 45. Jingine iliachwa kati ya 45 na 50. Waliopata bonge kubwa au kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa walikuwa 5 kati ya 182 katika fungu la kwanza, na 18 kati ya 183 katika la pili. Tofauti ya nambari chache katika kipimo cha kawaida imezidisha madhara karibu mara nne. Na njia mojawapo ya kuishusha hematokriti ni kutoa damu, kama anavyotolewa mtu anayejitolea damu.

Maana ya tatu na nusu katika mia

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kama mwalimu wa takwimu lanihuzunisha zaidi. Hata pale nambari inapofahamika, huelezwa vibaya. Mgonjwa wa kundi la kwanza huambiwa, "Wewe uko salama." Mgonjwa wa kundi la tatu huambiwa, "Wewe utapata kiharusi." Kauli zote mbili si kweli.

Tufanye hesabu. Hatari ikiwa 3.56 kwa 100 kila mwaka, uwezekano wa kupita mwaka mmoja bila bonge ni 0.9644. Tukichukulia kwamba hatari haibadiliki, uwezekano wa kupita miaka 10 ni 0.9644 kwa kipeo cha 10, yaani karibu 0.70. Maana yake ni kwamba katika wagonjwa 100 wa kundi la hatari kubwa, karibu 30 watapatwa na 70 hawatapatwa. Kwa kundi la hatari ndogo, 0.9897 kwa kipeo cha 10 ni karibu 0.90. Hao walioitwa salama, 10 kati yao watapatwa katika muda huo.

Tuongeze mfano wa kubuni. Tuseme wapo wagonjwa 1,000, na kati yao 700 wana hatari ndogo na 300 wana hatari kubwa. Katika mwaka mmoja kundi la kwanza litatoa mabonge kama 7, la pili kama 11. Kati ya 18 watakaopatwa, 7 watatoka miongoni mwa walioambiwa walale usingizi. Si kwamba kanuni imekosea. Kanuni imefanya kazi yake barabara; tuliokosea ni sisi tuliolisoma neno "ndogo" kana kwamba limeandikwa "hakuna".

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, nao hawakusema kwamba kila wingu hunyesha. Mkulima mwenye busara akiona wingu zito huanua mahindi yake, na mvua isiponyesha hajioni mjinga. Ndivyo tunavyopaswa kuutumia utabiri wa kitabibu. Nambari husema juu ya wengi. Mbele ya daktari huketi mtu mmoja, naye kwake bonge hutokea zima au halitokei kabisa. Hakuna mtu anayepata kiharusi cha asilimia 3.56. Nambari humsaidia daktari kuamua ni nani apewe dawa kali na nani asisumbuliwe nayo, kwani kila dawa ina gharama yake. Aspirini huweza kutoboa tumbo, na haidroksiurea hupunguza hata chembe zinazohitajika. Lakini nambari haimwondolei wajibu wa kumwambia kila mgonjwa, wa kundi lolote lile, dalili za hatari na mahali pa kukimbilia.

Kipimo cha kuazima

Jambo la pili linalonitia wasiwasi ni asili ya nambari zenyewe. Wagonjwa wale 891 walitoka katika vituo vya Ulaya na Marekani. Hapakuwa na kituo hata kimoja cha Afrika. Sisemi kwamba kanuni yao haitufai; biolojia ya uboho ni moja. Nasema kwamba kanuni ya alama hubeba ndani yake hali ya watu waliohesabiwa: umri wao, chakula chao, maradhi yao mengine, na umbali wao kutoka hospitali.

Chukua hematokriti. Shirika la Afya Duniani lilipotoa vipimo vyake mwaka 2016 liliweka asilimia 49 kwa wanaume na 48 kwa wanawake kuwa mipaka ambayo ikipitwa, polisithemia vera yapaswa kufikiriwa. Lakini mkazi wa Mbeya au Nairobi, miji iliyo karibu mita 1,700 au zaidi juu ya bahari, huvuta hewa nyepesi, na uboho wake huongeza chembe nyekundu kwa amri halali ya figo. Kwa upande mwingine, mtu mwenye safura au lishe isiyo na madini ya chuma ya kutosha aweza kuwa na polisithemia vera na bado hematokriti yake ikaonekana ya kawaida, kwa kuwa uboho wake umekosa chuma cha kutengenezea chembe. Wa kwanza aweza kutiwa hofu bure. Wa pili aweza kuachwa aende zake. Kosa la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu halionekani.

Dawa yake ni daftari. Simaanishi lugha ya mafumbo. Namaanisha daftari halisi, la karatasi au la kompyuta, ambamo kila hospitali kubwa huandika wagonjwa wake wa saratani hizi, umri, vipimo, na yaliyowapata mwaka hadi mwaka. Siku hizi zinasifiwa sana mashine za kompyuta zinazojifunza zenyewe kutabiri. Nazo hula kumbukumbu; zisipopewa kumbukumbu za watu wetu zitatabiri juu ya watu wengine.

Kwamba jambo hili lawezekana si ndoto. Haidroksiurea ile ile inayotumika kwa thrombosithemia hutumika pia kwa selimundu, ugonjwa tunaoujua sana. Kwa miaka mingi faida yake ilithibitishwa kwa watoto wa nchi tajiri, na palikuwa na hofu kwamba katika nchi zenye malaria dawa hiyo ingeleta madhara. Hofu hiyo haikujibiwa kwa mabishano. Lilifanyika jaribio kwa watoto 606 huko Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2019 yakaonyesha kwamba dawa ilisaidia: maumivu, maambukizo, malaria na vifo vilipungua. Kilifi iko Kenya na Mbale iko Uganda. Waliohesabiwa ni watoto wa kwetu.

Najua lipo pingamizi. Atatokea mtu aseme: saratani hizi ni za watu wachache, na sisi tuna malaria, kifua kikuu na shinikizo la damu, kwa nini tupoteze nguvu? Ni kweli kwamba ni za watu wachache katika kila 100,000. Lakini sijaomba hospitali mpya. Kipimo cha damu alichofanyiwa mjomba kilikuwa kimekwisha kulipiwa, na nambari ilikuwa imekwisha andikwa. Gharama ya kuisoma ilikuwa dakika mbili. Tena aliyejifunza kuisoma hatari ya bonge la damu amejifunza kuisoma hatari ya shinikizo la damu, ya kisukari, na ya ujauzito. Hesabu ni ile ile.

Kazi ya darasani

Ndiyo maana nayaandika haya kwa walimu na wanafunzi wa sekondari. Katika shule zetu uwezekano hufundishwa kwa sarafu na dadu, na damu hufundishwa kwa mchoro wa moyo wenye vyumba vinne. Mwalimu wa hisabati na mwalimu wa biolojia hukutana kwenye chai tu. Mwanafunzi humaliza kidato cha nne akijua kwamba uwezekano wa kupata kichwa ni nusu, na akijua kwamba chembe nyekundu hubeba oksijeni, bila kuambiwa hata siku moja kwamba mambo hayo mawili hukutana katika maisha ya mjomba wake.

Napendekeza zoezi moja lisilo na gharama. Mwalimu achukue mifuko miwili ya nguo, kila mmoja wenye maharagwe 100. Katika mfuko wa kwanza manne yawe mekundu na 96 meupe. Katika wa pili jekundu liwe moja tu. Kila mwanafunzi achote haragwe moja bila kutazama, aandike rangi, alirudishe, atikise, achote tena, mpaka mara kumi. Kila mchoto ni mwaka mmoja wa maisha ya mgonjwa. Katika darasa la wanafunzi 40, wanaochota mfuko wa kwanza watakaokutana na jekundu watakuwa kama 13. Wa mfuko wa pili kama 4. Kisha mwalimu aulize maswali matatu. Je, aliyechota mfuko wa kwanza asipate jekundu, mfuko wake ulikuwa salama? Je, aliyechota wa pili akapata jekundu, alidanganywa? Na kama ungeweza kuondoa maharagwe mekundu matatu katika mfuko wa kwanza kwa kumtoa mtu damu na kumpa kidonge, ungengoja mpaka jekundu litoke?

Mwanafunzi aliyeyajibu maswali hayo kwa vidole vyake hatayasahau. Baadhi ya wanafunzi hao watakuwa wauguzi, waganga na mafundi wa maabara. Wengine watakuwa wagonjwa, nao watajua kuuliza: kati ya watu mia walio kama mimi, ni wangapi hupatwa, kwa muda gani, na tufanye nini ili wapungue?

Mjomba sasa anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Kila baada ya majuma kadhaa hupimwa damu, na hematokriti yake imeshikwa chini ya 45. Majibu yakija huyasoma mwenyewe kwanza, kidole kikifuata mstari, kisha humpa binti yake aliye kidato cha tatu ayasome kwa sauti. Naomba kila shule ya sekondari imfundishe kijana kama huyo kazi ambayo amelazimika kujifunza nyumbani, baada ya madhara kutokea.